UZI: Nimesoma shahada ya muziki chuo kikuu, na kazi kubwa niliyofanya humo ni kujifunza kusikia

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Kila dirisha la udahili likikaribia naona swali lilelile humu: kijana anataka kusoma muziki chuo kikuu, aruhusiwe au akatazwe? Majibu huja kwa kasi. Wengine wanasema atakufa njaa, wengine wanasema kipaji hakisomewi. Wachache sana wanaeleza mwanafunzi wa muziki akiamka asubuhi anakwenda kufanya nini darasani, na anatoka na nini. Mimi nimepita humo. Nina shahada ya muziki ya chuo kimoja hapa Tanzania (jina la chuo naliacha, kuna mambo nitayasema wazi), nafundisha muziki sekondari na nanoa kwaya. Nitaandika kwa kirefu, asiye na muda aweke alama arudi baadaye.

Niseme mapema ninachokiamini. Watu wengi wanadhani shahada hii ni ya kujifunza kuimba au kupiga ala. Utaimba na utapiga, lakini hayo hata kanisani, bendini au kwa fundi wa mtaani unayapata. Nilichopata chuoni, ambacho nisingekipata kwingine kwa urahisi, ni masikio. Mengine yote yalikuja juu ya hayo.

Tulivyoingia

Nimekulia Dodoma, kwaya ya Anglikana, sauti ya pili. Sisi tulijifunza kwa solfa: mwalimu anaandika d, r, m ubaoni, anagawa mapigo kwa nukta na koloni, kila sauti inasoma mstari wake. Ni mfumo uliosambazwa Uingereza na mchungaji John Curwen katika karne ya 19, wamisionari wakaja nao, na mpaka leo makanisa mengi huku yanaimba kwa huo. Mtu wa solfa ukimpa "d" anajua "m" iko wapi bila ala yoyote. Huo ni uwezo mkubwa, nausema kwa sababu chuoni kuna waliotudharau kwa ajili ya solfa.

Darasa letu lilikuwa na makundi matatu. Vijana waliotoka seminari za Kikatoliki walisoma nota vizuri na kupiga kinanda. Sisi wa solfa tuliimba bila woga lakini mistari mitano ya nota ilitutoa jasho. Kundi la tatu ni wa bendi na studio, vidole vyepesi kwenye gitaa, hawasomi chochote, wakisikia wimbo mara moja wanaupiga. Mwaka wa kwanza kila kundi lilijiona liko nyuma ya mengine, na kila kundi lilikuwa sahihi kwa upande wake. Waliomaliza vizuri ni wale walioketi na watu wa makundi mengine jioni. Mimi nilimfundisha mpiga besi mmoja kuimba kwa solfa, naye alinifundisha kusikia besi. Nitarudi hapo.

Imla

Somo lililotutisha kuliko yote ni imla ya muziki. Mwalimu anapiga baa nne (vipande vinne vifupi vya wimbo, kila kimoja na idadi ileile ya mapigo) kwenye piano, kwanza zote, kisha mbilimbili, kisha zote tena. Wewe una penseli na karatasi ya nota, uandike ulichosikia. Mwaka wa kwanza ni sauti moja. Baadaye ni mbili kwa pamoja, kisha nne. Ukipoteza baa ya pili umepoteza na ya tatu, maana bado unahangaika na ya pili wakati piano imeshapita.

Mwalimu wetu alitukataza kushika penseli wakati piano inapigwa. Penseli chini, mikono juu ya meza. Sikiliza, iimbe yote moyoni, piano ikinyamaza ndipo uandike. Tulinung'unika sana. Lakini ndiyo njia yenyewe, kwa sababu mtu anayeandika huku anasikiliza hukimbizana na noti moja moja, na muziki hauendi kwa noti moja moja, unaenda kwa sentensi. Leo nawafundisha wanafunzi wangu hivyohivyo.

Kilichobadilika baada ya muda ni hiki. Zamani nikisikiliza wimbo nilisikia sauti ya kwanza na yangu ya pili chini yake. Besi ilikuwa mngurumo tu. Yule rafiki wa besi aliniambia kila nikisikia wimbo kwenye daladala nisiimbe melodi, niimbe besi. Nikaanza. Ilichukua muda, halafu siku moja ikafunguka na haijawahi kufungika tena. Wanaopenda muziki wa dansi watanielewa: chukueni wimbo wowote wa DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza 1978, msikilize magitaa peke yake. Solo inazungumza juu, second solo inamjibu, rhythm inafunga katikati, na ukitulia utasikia melodi nyingine ambayo hakuna mtu hata mmoja anayeipiga. Inazaliwa na noti za magitaa mawili zinazopishana. Tulipewa kazi ya kunakili kitu cha namna hiyo kwa nota, kila gitaa na mstari wake. Nilikesha nayo. Sijafurahia kazi ya shule kama ile.

Pale nilipogombana na hamonia

Somo la hamonia, yaani kupanga sauti zinazoimbwa pamoja, linafundishwa kwa nyimbo za kanisa za sauti nne, hasa zile alizopangia sauti mtunzi wa Kijerumani Johann Sebastian Bach, aliyefariki 1750. Unapewa sauti ya kwanza, unaandika tatu zilizobaki. Kuna sheria, na kubwa kuliko zote ni kwamba sauti mbili zisitembee pamoja zikiwa zimeachana kwa tano (kama d na s) au kwa oktava (d na d ya juu yake). Zikifanya hivyo mwalimu anachora mistari miwili myekundu na unapoteza alama.

Sheria ina maana yake. Sauti mbili zikitembea kwa tano husikika zimeyeyuka kuwa moja, na mtindo ule unataka sauti nne zinazojitegemea. Mimi ninaitumia kila nikipanga wimbo wa kwaya wa mtindo huo, na wimbo unakuwa msafi. Shida ilikuwa ni jinsi ilivyofundishwa, kana kwamba ni sheria ya muziki wote duniani. Mimi ni Mgogo. Bibi yangu alipiga muheme, ngoma wanayoibana akina mama kati ya mapaja, na nimekua nikisikia nyumbani watu wakiimba sauti zilizoachana kwa nne na kwa tano zikipanda na kushuka pamoja. Kwa Wagogo ndiyo utamu wenyewe. Msimamizi huimba, mwenzake anachukua sauti nyingine ya ngazi ileile akiruka moja ya katikati, na wote hutembea hivyo. Kisha chuoni naambiwa ni kosa.

Niliuliza darasani. Jibu nililopewa siku ile halikuniridhisha, lakini mhadhiri mwingine, aliyekuwa anafundisha muziki wa jadi, aliniita akaniambia: hilo swali lifanye liwe tasnifu yako. Nikalifanya.

Uwandani

Nilirudi Dodoma vijijini na kinasa sauti, nikakaa na wazee wanaotengeneza zeze na ilimba. Wengi mnaijua ilimba kwa jina la marimba ya mkono, zile chuma zinazobonyezwa kwa vidole gumba. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki 2003, ndiye aliyeitembeza duniani akitokea Bagamoyo. Nilikuwa na programu ya simu ya kupimia sauti. Mzee anatyuni chuma, anakigonga, anasikiliza, anakisogeza kidogo, anatikisa kichwa kuridhika. Mimi naangalia simu: nyekundu. Chuma kingine: nyekundu.

Simu ilikuwa inapima kwa kipimo cha piano. Piano inagawa oktava katika nusu toni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100 (senti hapa ni kipimo cha tofauti ya sauti). Ngazi ya Kigogo inatoka kwingine, inatoka ndani ya uzi mmoja. Uzi ukitetemeka hautoi sauti moja. Juu ya ile kuu kuna nyingine ndogo, ya oktava, ya tano, na kuendelea juu. Anayepiga zeze anazigusa kwa kidole bila kukandamiza uzi na zinatoka kama filimbi. Ukifika sauti ya tano katika mfululizo huo, ukihesabu kuanzia ile kuu, unapata "m", ila iko chini ya "m" ya piano kwa senti 14. Ukifika ya saba unapata kile ambacho sisi wa solfa tunakiita "ta", ila iko chini ya ile ya piano kwa senti 31, karibu theluthi moja ya nusu toni. Mzee hakuwa amekosea hata kidogo. Alikuwa anatyuni kwa maumbile ya sauti yenyewe, kwa sikio, bila mashine, na akirudia kesho anafika palepale.

Nililia kidogo siku ile, nakiri. Miaka yote ya imla nilikuwa nafundishwa kusikia, na sasa nilikuwa nasikia kitu cha kwetu ambacho hata mimi niliyezaliwa humo sikuwahi kujua kinafanyaje kazi. Kwenye tasnifu niliweka mshale mdogo wa kushuka juu ya kila "m" na kila "ta", na nikaandika ukurasa mzima kueleza kwa nini.

Upande wa mdundo ilikuwa kazi nyingine. Nota inataka uweke mstari wa baa, yaani useme pigo la kwanza ni lipi. Muheme unapigwa mkono unagawa muda mara tatu, mguu unagawa mara mbili, na muimbaji anaingia mahali ambapo si pa mkono wala pa mguu. Nilimuuliza mama mmoja pigo la kwanza liko wapi. Akaniambia, "Simama ucheze." Nilipocheza, mguu ukaniambia. Ndipo nikaandika kwa 12/8 (mapigo manne, kila moja likigawanywa mara tatu) nikifuata miguu. Tangu hapo simwamini mtu anayenakili ngoma akiwa ameketi.

Zanzibar, kwa kifupi

Tulipelekwa pia Unguja, tukatembelea Dhow Countries Music Academy, shule iliyoanzishwa 2002, kusikia taarab. Huko nako piano haifui dafu. Maqam (ngazi ya sauti ya muziki wa Kiarabu) ya Rast ina sauti ya tatu inayokaa kati ya ile kubwa na ile ndogo, piano haina kibonyezo chake. Fidla inaipata kwa kidole, kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, ina vishikizo vidogo vya kuinua na kushusha uzi. Vikundi kama Ikhwani Safaa, cha tangu 1905, vimekuwa vikipiga sauti hizo zaidi ya karne moja, na mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Nchi yenye vitu hivi ina haki ya kuvifundisha kwa uzito uleule wa Bach. Mimi nampenda Bach kwa moyo wote. Nataka mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akutane na ilimba na kanuni wiki ileile anayokutana naye.

Yasiyopendeza

Piano zilikuwa chache kuliko wanafunzi, na zilizopo nyingine zilikaa muda mrefu bila kutyuniwa. Joto na unyevu vinaharibu piano haraka na mafundi ni wa kutafuta. Tuliamka alfajiri kuwahi chumba cha mazoezi. Kuna mwaka mwalimu wa ala yangu aliondoka, tukakaa karibu muhula mzima bila mbadala, nikajifundisha mwenyewe na onesho la mwisho liliumia kwa hilo. Na kuna wahadhiri wa idara nyingine waliotuuliza mbele ya watu kama kweli tunafanya mitihani.

Karibuni kwa maswali. Nawasilisha.

---

Mchangiaji (mzazi, Mwanza)

Asante binti kwa kuandika bila kuficha. Mimi ndiye yule mzazi unayemsema. Kijana wangu yuko kidato cha sita, HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), kanisani ndiye anayepiga kinanda. Mama yake anataka sheria. Niulize moja kwa moja: akisoma muziki, atakula nini?

Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ni la haki na sitalizunguka.

Wenzangu niliomaliza nao wako hivi. Wapo walimu, baadhi shule za serikali, wengine shule za binafsi na za kimataifa, ambako kuna watoto wanaofanya mitihani ya madaraja ya ABRSM (bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza) na anahitajika mtu wa kuwaandaa. Wapo wanaozunguka majumbani kufundisha piano na fidla. Wapo wakurugenzi wa muziki makanisani, baadhi wanalipwa, baadhi ni sadaka tu. Wawili wanapanga muziki wa bendi na studio. Mmoja anaandika nota kwa oda: kwaya inamtumia wimbo uliorekodiwa kwa simu, yeye anarudisha karatasi ya sauti nne. Na wapo walioacha muziki kabisa, wako benki na kwingineko.

Kipato hakiji kwa mstari mmoja. Karibu kila aliyebaki kwenye muziki anaunganisha kazi mbili au tatu. Kama mzazi unataka mshahara unaojulikana tarehe ya kuingia, njia ni ualimu, na hapo sikiliza vizuri: angalia kama programu ina masomo ya ualimu ndani yake. Shahada ya muziki mtupu haikufanyi kuwa mwalimu mwenye sifa. Itabidi uongeze stashahada ya uzamili ya elimu. Kuna waliogundua hili wakiwa wamemaliza. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 una mkondo wa amali, na sanaa zimo, kwa hiyo walimu wa muziki watahitajika kuliko enzi zetu.

Kuhusu sheria, siwezi kumpinga mama. Ila kijana anayepiga kinanda kila Jumapili bila kusukumwa tayari anafanya kazi, mtazameni kwa jicho hilo.

---

Mchangiaji (producer, Dar)

Dada heshima kwako, ila mimi natengeneza biti mwaka wa nane huu, sijui nota hata moja, na nyimbo zangu zinapigwa redioni. Wakubwa wengi wa Bongo Fleva hawakukaa darasani. Hiyo shahada ingeniongezea nini? Nauliza kwa nia njema.

Mleta uzi

Kaka, kwanza masikio unayo, usingefika hapo bila hayo. Umeyapata kwa njia ndefu ya kusikiliza na kujaribu, na ni njia halali kabisa.

Nitakupa mfano mmoja wa kazi yako badala ya maneno. Umewahi kuweka ilimba au zeze ya kweli, iliyorekodiwa, juu ya biti?

Mchangiaji (producer, Dar)

Mara nyingi tu. Huwa inagoma. Inasikika imetoka kwenye ki (key ya wimbo), naipitisha kwenye programu ya kurekebisha sauti mpaka inakaa. Ila ikikaa inakuwa imepoa, siielewi.

Mleta uzi

Imepoa kwa sababu umeitoa "ta" na "m" yake ukaipa za piano. Fanya kinyume. Iache ilimba kama ilivyo. Tafuta sauti yake kuu, ifanye hiyo ndiyo "d" ya biti. Kisha nenda kwenye sinti (synthesizer) na besi, noti zote za "m" zishushe kwa senti 14 na za "ta" kwa senti 31. Programu yako ina sehemu ya kurekebisha noti moja moja kwa senti. "R" na "s" ziache, tofauti yake ni ndogo mno. Kila fundi ana mkono wake, kwa hiyo anza na namba hizo halafu fuata sikio.

Mchangiaji (producer, Dar)

Nimerudi. Nimehangaika nayo usiku kucha. Dada, imekaa. Sinti peke yake inasikika kama mbovu, ila ikiingia na ilimba vinashikana, yaani kunakuwa na mlio mmoja mnene. Msanii wangu kaingia studio asubuhi kauliza nimebadilisha nini. Hapo nimekuelewa. Unafundisha mtandaoni?

Mleta uzi

Nimefurahi kuliko unavyodhani! Huo mlio mnene ndio ambao wazee wanautafuta wakitikisa kichwa. Kuhusu kufundisha tuongee faragha. Na tafadhali, kama ilimba ni ya mzee fulani kutoka kijijini, mwandike jina kwenye wimbo na umlipe. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inamlinda mpigaji pia, si mtunzi peke yake.

---

Mchangiaji (Nakuru, Kenya)

Salamu kutoka huku. Mimi nilisomea muziki nikiwa na ualimu Kenya, na nasoma uzi huu nikikubali karibu kila kitu. Tofauti moja: sisi tunafika chuo tayari tumepigwa msasa kiasi. Muziki ni somo la KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, na mtihani una sehemu ya vitendo, ya kusikiliza na ya nadharia. Halafu kuna Kenya Music Festival, ipo tangu 1927, mtoto wa shule ya msingi anasimama mbele ya majaji na ngoma ya kwao au wimbo uliopangwa. Majaji wanasema mbele ya wote ulichokosea. Inauma lakini inajenga.

Kasoro nayoiona ni kwamba ngoma ikishakuwa ya mashindano inakatwa ili itoshee dakika walizopewa. Wazee wakija kutazama wanauliza sehemu ya katikati imeenda wapi.

Mleta uzi

Asante sana ndugu. Hilo la kufika chuo mmeshaandaliwa tunawaonea wivu mwema. Kwetu muziki sekondari unafundishwa kwenye shule chache, kwa hiyo chuo kinatumia mwaka mzima wa kwanza kufundisha kile ambacho kingefundishwa kidato cha pili. Kuhusu kukata ngoma, nakubaliana na wazee. Ningependa kuwe na kundi la ngoma nzima, bila saa, hata kama shule zitakazoingia ni chache.

---

Mchangiaji (mwalimu wa kwaya, Parokia, Songea)

Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, mimi nina umri, elimu yangu kidato cha nne, nimetunga nyimbo nyingi za misa na nyingine ziko kwenye tovuti ya Swahili Music Notes. Nimejifunza nota mwenyewe kwa kunakili kazi za wengine. Je, nimechelewa? Na nyimbo zangu zinaimbwa mikoa mingine jina langu likiwa limefutwa juu ya karatasi, nifanyeje?

Mleta uzi

Milele na milele, amina. Mwalimu, mtu aliyejifunza nota kwa kunakili kazi za wengine amefanya alichofanya Bach mwenyewe ujanani, hivyo hujachelewa. Chuo kikuu kitadai kidato cha sita au stashahada, lakini TaSUBa, taasisi ya sanaa pale Bagamoyo, wana ngazi za astashahada na stashahada pamoja na kozi fupi, waulizie. Kama hutaki kuondoka Songea, pakua MuseScore, programu ya kuandika nota, ni bure, andika nyimbo zako upya humo. Itakupigia sauti zote nne na utasikia mwenyewe pale ambapo sauti ya tenor na ya besi zimegongana. Kisha kila siku fanya imla na mtu wa nyumbani: yeye aimbe mstari mfupi asioujua mtu, wewe uandike ukiwa umeweka penseli chini mpaka amalize.

Kuhusu jina kufutwa, sajili nyimbo COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ili uwe na ushahidi wa tarehe. Na kwenye karatasi usiandike jina juu tu. Liweke chini ya kila ukurasa pamoja na mwaka na parokia. Anayekata kichwa cha karatasi mara nyingi hagusi miguu. Walimu wenzangu wa kwaya mnaosoma hapa: kufuta jina la mtunzi ni kumnyang'anya kitu pekee alichopata kwa wimbo huo, maana fedha hakupata.

---

Mchangiaji (mzazi, Mwanza)

Binti, nimesoma mpaka hapa pamoja na mama yake. Amesema tumwache achague mwenyewe, ila aingie ameandaliwa. Ana miezi kadhaa kabla ya chuo. Aanze na nini? Tumnunulie kinanda kikubwa?

Mleta uzi

Mpe mama pole na hongera, najua si uamuzi mwepesi.

Kinanda kikubwa kisubiri. Chenye vibonyezo 61 anachopigia kanisani kinatosha kwa sasa, ila ahakikishe anapiga bila kutumia kile kitufe cha kubadilisha ki. Wapiga kinanda wengi wa makanisani wanajua C na G tu, zingine wanabonyeza kitufe, na chuoni hakuna kitufe hicho kwenye piano. Apige wimbo mmoja anaoujua kwa ki zote 12, polepole, mpaka mikono ikubali.

Asome nota za funguo zote mbili, ya juu (treble) na ya chini (bass). Aimbe anachosoma kabla hajakipiga. Kila akisikiliza wimbo, afuate besi. Achague pia ngoma au ala moja ya kwenu Usukumani na aende akajifunze kwa anayeipiga kweli, akiwa amesimama. Akiingia chuo na hivyo, mwaka wa kwanza atautumia kusoma badala ya kuhangaika.

Sifa za kuingia zitazame kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huo huo, maana hubadilika, na ulinganishe programu za vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Makumira kabla ya kuchagua, hazifanani. Muulize kila mtu wa udahili maswali haya: kuna walimu wangapi wa ala anayoitaka, vyumba vya mazoezi vinafungwa saa ngapi, na muziki wa jadi unaanza kufundishwa mwaka wa ngapi.

Akitaka, anitumie sauti ya imla yake ya kwanza. Nitaisahihisha.